Unyoya wa Tumbusi na Kiatu Kilichokuja kwa Posta

Mamba mkubwa amesimama kwa mkia wake katikati ya minazi. Amejipamba makuti na nazi chache, ametulia tuli, anangoja watoto waje kuangua. Wanakuja wawili, Toto na Mary. Wangekuwa watoto wa Mbweni au Kilwa wangeshashtuka zamani, maana mnazi wenye meno haujapata kuota popote. Hawa ni watoto wa hadithini, na Toto tayari anajiandaa kukwea. Kinachowaokoa ni kiboko anayechomoka kichakani kwa mbio na kumpiga yule mnazi wa uongo kikumbo kimoja cha kumbingirisha.

Kitabu ni The Enormous Crocodile cha Roald Dahl, kilichotoka mwaka 1978, na mto wanamokaa mamba wake ni wa Afrika. Msomaji wa Kiswahili hakosi kukisia jina la Toto limetoka wapi. Dahl alishuka Dar es Salaam mwaka 1938, kijana wa miaka 22, mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell. Akajifunza Kiswahili, akazoea habari za simba na nyoka, mpaka vita vilipozuka mwaka 1939, ndipo akaendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Minazi aliijua.

Aliyepewa kazi ya kumchora mamba huyo ni mwalimu wa sanaa wa London, Quentin Blake, aliyekuwa anakaribia miaka 46. Dahl alimzidi miaka 16. Aliyewakutanisha ni mchapishaji, Tom Maschler wa Jonathan Cape. Baada ya mamba zikafuata kazi nyingine: The Twits mwaka 1980, The BFG mwaka 1982, The Witches mwaka uliofuata, Matilda mwaka 1988. Siku hizi ukimtajia mtu Matilda, anayemjia akilini ni yule msichana mdogo wa mistari michache, mwenye rundo la vitabu kando yake, na mistari hiyo ni ya Blake.

Anayeitazama kazi ya Blake mara ya kwanza hudhani imechorwa na mtu aliyekuwa anawahi basi. Nywele ni mikwaruzo. Vidole vimechomoza kama miiba ya mchongoma. Rangi zimevuka ukingo wa shati zikaingia hewani, kwingine hazikufika kabisa. Mistari haifungani, bega linaanza, linakatika, linaendelea mbele kidogo kana kwamba mchoraji aliitwa mlangoni kisha akarudi. Wapo wazazi wanaosema hata mwanao angeweza, na wanasema kwa nia njema kabisa. Wamenaswa. Haraka ile imetengenezwa, tena kwa kazi ya polepole.

Blake ameieleza njia yake mara nyingi, bila kuficha siri ya ufundi. Kwanza anachora rasimu, ya hovyohovyo kweli, ili kujua nani asimame wapi, mbwa apite upande gani, maneno ya mwandishi yabakiziwe nafasi ipi. Rasimu hiyo anaiweka juu ya sanduku la mwanga, yaani sanduku lenye kioo juu na taa ndani, jamaa ya kile kibao cha hospitalini ambacho daktari huning'iniza picha ya eksirei ili aone mfupa uliovunjika. Juu ya rasimu analaza karatasi nzito ya rangi za maji. Anachukua kalamu ya kuchovya na chupa ya wino mweusi, anaanza.

Hapo mtu angetegemea afuatishe mistari inayoonekana chini, kama mwanafunzi anayenakili ramani ya Afrika kwa karatasi ya mafuta. Hafanyi hivyo. Anataka rasimu ionekane kwa shida, kama kivuli, isimtawale. Kazi yake ni kumwambia kila kitu kiko wapi; mstari wenyewe lazima uzaliwe upya, kwa mara ya kwanza, juu ya karatasi safi. Na haanzi na kilicho rahisi. Anaanza na mahali penye hatari kubwa zaidi: uso unaotakiwa kuonyesha hisia fulani hasa, au pale miili miwili inapopishana, au namna mtu alivyosimama. Uso ukikataa, hakuna haja ya kupoteza muda kwenye viatu. Karatasi inawekwa kando, inalazwa nyingine juu ya taa, anaanza tena. Wakati mwingine mchoro uliokaribia kufaulu ndio unaokuwa rasimu ya mchoro unaofuata.

Wanawake wa Lamu na Unguja wanaochora hina wangemwelewa upesi. Hina ikishagusa ngozi imegusa. Hakuna kufuta, na bibi harusi hawezi kubadilishwa mkono. Kinachomwokoa mchora hina ni mazoea: ua lile amelichora mara elfu, mkono unalijua kuliko macho. Blake hana ua moja la kurudia. Leo ni ajuza anayeruka sarakasi, kesho ni kasuku, keshokutwa ni mwalimu mkuu anayemrusha mtoto kwa kumshika nywele. Hivyo amejitafutia mazoea ya dakika kumi: anachora kitu kimoja mara mbili, mara ya kwanza ili akijue, mara ya pili ili mkono uwe huru.

Vifaa vyake navyo ni vya ubishi. Nibu ya chuma, ile iliyokuwa kwenye madawati ya shule za zamani pamoja na kidumu cha wino, hukwaruza karatasi yenye vinyweleo. Hukwama, huruka, hutema tone pasipotakiwa. Mchoraji mwingine angetafuta kalamu laini zaidi. Blake anaupenda ukaidi huo, kwa sababu mstari unaopigana na karatasi unaonekana hai. Mara nyingine anaacha nibu na kuchonga manyoya ya ndege: ya bata bukini, ya bata mzinga, hata ya tumbusi. Unyoya wa tumbusi ni mnene na mpana, hauna adabu ya kalamu ya dukani, na mstari wake hubadilika katikati ya safari, mwembamba ukawa mzito bila kuaga. Wino anaotumia haumumunyiki kwa maji ukishakauka. Ndiyo maana anaweza kupitisha brashi yenye rangi juu yake kwa uhuru ule unaowaudhi watu nadhifu.

Daftari la kuchorea njiani hana mazoea nalo, na hawaweki watu mbele yake wakae kimya achore. Anawatoa kichwani. Ila kichwa peke yake hakitoshi, maana amekiri kwamba anapochora mtu aliyekasirika uso wake mwenyewe hukunjamana, na anapochora mtu anayeruka, mwili wake huusikia mruko ule. Yeye huifananisha kazi hii na jukwaa la maigizo: hadithi ndiyo maandishi ya mchezo, ukurasa ndio jukwaa, na mchoraji ni mwongozaji, fundi wa taa na waigizaji wote kwa pamoja. Hakuoa na hana watoto. Watu hushangaa amewezaje kuwajua watoto hivyo, na jibu lipo humo humo katika maigizo: anapomchora mtoto, yeye ndiye mtoto kwa muda huo.

Alizaliwa Sidcup, kusini-mashariki mwa London, Desemba 1932. Akiwa shuleni, mwalimu wake wa Kilatini alimkutanisha na mumewe aliyekuwa mchora katuni, na huyo akamweleza kwamba magazeti hununua michoro. Kijana akapeleka kazi zake kwenye jarida la Punch. Mwaka 1949, ana miaka 16, mchoro wake ukachapishwa. Watu wengi wangekimbilia chuo cha sanaa moja kwa moja. Yeye alipomaliza utumishi wa jeshi alikwenda Cambridge kusoma fasihi ya Kiingereza katika chuo cha Downing, alikofundisha mhakiki mkali F. R. Leavis, kisha akasomea ualimu. Sanaa aliifuata kwa muda wa ziada huko Chelsea, alikojifunza kuchora mwili wa binadamu. Baadaye alifundisha katika chuo cha Royal College of Art, na kuanzia mwaka 1978 hadi 1986 aliongoza idara ya uchoraji wa vitabu.

Miaka hiyo ya fasihi ndiyo ufunguo. Mchoraji mbaya wa vitabu huyarudia maneno: mwandishi akisema mzee alianguka, anachora mzee aliyeanguka, na msomaji anaelezwa jambo moja mara mbili. Blake husoma kama mhakiki kabla ya kugusa wino. Anatafuta sekunde iliyo kabla ya tukio, au ile ya baada yake, na tukio lenyewe anamwachia mwandishi. Mamba anayengoja chini ya makuti anatisha kuliko mamba anayetafuna. Picha ikionyesha meno yaliyo wazi na mtoto aliye hatua mbili tu, mtoto anayesomewa hadithi kitandani atamalizia mwenyewe, na hatalala.

Kuhusu Dahl na Blake kuna kisa kimoja ambacho kila mpenzi wa vitabu hivyo hukisimulia, na hakichoshi. Kilitokea wakati wa kutengeneza The BFG, kitabu cha jitu jema linalopuliza ndoto kwenye vyumba vya watoto. Mchapishaji aliagiza picha 12. Blake akazichora, akazipeleka. Dahl hakuridhika, picha 12 kwa kitabu cha namna ile aliziona ni mkono wa birika. Blake akaombwa aongeze, na kazi ikaishia kufanywa upya, kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Katika mzunguko huo wa kwanza jitu lilikuwa limevaa aproni ndefu ya ngozi na mabuti makubwa, maana ndivyo mswada wenyewe ulivyosema. Wote wawili walipoliona kwenye karatasi wakagundua kwamba aproni inazuia. Jitu hilo linakimbia na kuruka nchi nzima kwa hatua chache. Litarukaje likiwa na aproni ya fundi chuma? Aproni ikavuliwa. Mabuti nayo yakaonekana hayana maisha. Sasa livae nini miguuni?

Jibu lilikuja kwa posta. Kifurushi cha karatasi ya kaki, bila mbwembwe, na ndani yake sandali kubwa ya ngozi, iliyochakaa na kuchafuka, ya mtindo wa Norway walikotoka wazazi wa Dahl. Ilikuwa ya Dahl mwenyewe. Mtu huyo alikuwa na urefu wa futi sita na inchi sita, kwa hiyo si ajabu kwamba kiatu chake kilimtosha jitu. Tangu hapo BFG anavaa viatu vya mwandishi wake.

Kisa hicho huchekesha, ila ndani yake mna namna wawili hawa walivyokuwa wakifanya kazi. Mwandishi alibadilisha maandishi yake baada ya kuona picha, na mchoraji hakuona haya kutupa picha zilizokwisha kukamilika. Katika vitabu vyetu vingi vya watoto jina la mchoraji huchapwa kwa herufi za sisimizi, kwenye ukurasa ule ambao hakuna asomaye, na mara nyingi yeye na mwandishi hawajawahi hata kupeana mikono. Ni hasara ambayo msomaji huihisi bila kujua imetoka wapi.

Nani walimfundisha mstari huo? Blake hurudi mara kwa mara kwa Mfaransa Honoré Daumier, aliyechora maisha ya Paris katika karne ya 19: mawakili wenye majoho, abiria wa treni, wanasiasa wenye matumbo. Daumier alifungwa mwaka 1832 kwa kumchora mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza mali za raia. Kwake Blake alijifunza kwamba mgongo wa mtu unaweza kusema kila kitu hata kabla uso haujaonekana. Yupo pia Mwingereza mwenzake Ronald Searle, bwana wa mistari yenye ncha kali. Na yupo André François, mzaliwa wa eneo ambalo leo ni Romania aliyefanya maisha yake Ufaransa, ambaye michoro yake ilikuwa na ujasiri wa kuonekana kama ya mtu asiyejua kuchora. Huyo wa mwisho pengine ndiye aliyempa Blake ruhusa aliyokuwa anaihitaji: mstari usiombe radhi.

Halafu kuna ndege. Wamejaa katika kazi zake kuliko mahitaji ya hadithi yoyote. Kuna kasuku wanaomtoroka profesa wao, kuna ndege waliovaa makoti na kubeba mikoba, na kuna binadamu ambao pua zao ni midomo ya kunguru iliyobadilishwa jina. Ndege husimama kwa miguu miwili, wana shingo za kiburi, na kila mkao wao una tabia. Kwa mchoraji anayefikiri kama mwigizaji, hao ni waigizaji wa bure.

Usidhani lakini kwamba ana sauti moja tu. Picha alizochora kwa ajili ya Danny, the Champion of the World, hadithi ya mvulana na babake wanaoishi kwenye kibanda cha magurudumu, zimetulia na kukaribia uhalisia, kwa sababu upendo wa baba na mwana hauhitaji macho yaliyotoka nje. Za The Twits, kile kitabu cha mume na mke wenye roho mbaya, mume akiwa na ndevu zilizojaa makombo, zimejaa miiba. Mkono ni ule ule. Hadithi ndiyo inayoamua kalamu ikwaruze kiasi gani.

Kazi iliyompima zaidi ilikuja mwaka 2004. Mshairi Michael Rosen alikuwa amefiwa na mwanawe Eddie, kijana wa miaka 18, aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1999. Watoto waliokuwa wanamsoma Rosen walimuuliza Eddie yuko wapi, kwa kuwa alikuwa amemtaja katika mashairi yake. Rosen akaandika maneno machache kuhusu huzuni, na Blake akayachora, yakawa kitabu. Ukurasa wa kwanza una uso wa mwanamume anayetabasamu kwa meno yote. Maneno chini yake yanaeleza kwamba huyo ni mtu mwenye huzuni anayejifanya ana furaha ili watu wasimchukie. Msomaji anarudi kuitazama picha ile mara ya pili, na tabasamu limegeuka kuwa kitu kingine kabisa, ingawa hakuna mstari uliobadilika. Rangi za kitabu hicho mara nyingi ni kijivu, mvua ya London iliyoingia ndani ya nyumba. Na picha ya mwisho haina neno: mwanamume ameketi mezani, mbele yake mshumaa mmoja unawaka.

Mwaka 1999 Uingereza ilianzisha cheo cha msanii mkuu wa vitabu vya watoto, na Blake akawa wa kwanza kukishika. Moja ya mambo aliyoyafanya ni maonyesho katika jumba la picha la taifa, National Gallery, mwaka 2001. Alichagua picha 26, moja kwa kila herufi ya alfabeti, akazipanga kwa majina ya wachoraji kuanzia A hadi Z, za mabingwa wa kale zikikaa jirani na za wachora vitabu wa siku hizi. Hakubandika maelezo ya wataalamu. Ukutani, kuzizunguka picha hizo, alichora watoto na ndege wake wakizitazama, wakinyoosha vidole, wakiulizana. Anayeingia alikuwa anakuta tayari kuna watu wanaojadili, akajiunga nao.

Amechora zaidi ya vitabu 300. Akiwa mtu mzima kabisa, umri ambao wenzake walikuwa wamekwisha kustaafu, aligundua kuta. Hospitali zilianza kumwita. Kwa wodi moja ya wazee jijini London aliwachora vikongwe wakifanya sarakasi: bibi anayetembea juu ya kamba akiwa na mwavuli wake, babu anayerusha mipira. Hakuwachora vijana wa kuwakumbusha walichopoteza, na hakuchora maua ya kuwatuliza. Aliwachora wao wenyewe, mikunjo yote mahali pake, wakiwa wastadi wa jambo gumu.

Kwa hospitali ya uzazi ya Angers, nchini Ufaransa, tatizo lilikuwa jingine. Mama aliye katika uchungu atatazama nini? Blake alifikiria dakika ile mama na mtoto wanapoonana mara ya kwanza, akaihamishia chini ya maji. Wanawake wanaelea uchi katikati ya majani ya baharini, nywele zimetawanyika, na watoto wachanga wanaogelea kuwafuata mikono mbele, bila mzigo, bila kitanda, bila taa kali. Ndani ya maji hakuna aliye mzito. Mistari ya mama haikufungwa, na ya mtoto pia haikufungwa, na rangi ya bluu inapita kati yao kutoka mwili mmoja hadi mwingine.